Kujenga upya ukingo wa Circular Quay mjini Sydney: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya yanamlenga msomaji ambaye amesikia kwa miaka mingi kwamba Circular Quay inatakiwa kujengwa upya, na ambaye angependa kuelewa kinachobishaniwa kabla hajachagua upande. Mwandishi anao msimamo na hataki kuuficha. Eneo hili ni njia ya watu kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na kila mpango unaoletwa unapaswa kupimwa kwanza kwa abiria anayeshuka kwenye kivuko asubuhi akiwa na haraka ya kuwahi treni.

Circular Quay ni mahali gani hasa?

Ni ukingo wa ghuba ndogo iliyo katikati ya jiji la Sydney, katika jimbo la New South Wales nchini Australia. Upande wa magharibi upo mtaa wa kale wa The Rocks na, nyuma yake, Daraja la Bandari lililofunguliwa mwaka 1932. Upande wa mashariki ipo rasi ya Bennelong, yenye Jumba la Opera lililofunguliwa mwaka 1973. Katikati ya hivyo viwili, katika eneo ambalo mtu hulimaliza kwa dakika chache za kutembea, zimebanana gati za vivuko, stesheni ya reli, kituo cha mwisho cha tramu, vituo vya mabasi na gati ya meli kubwa za abiria wa kimataifa, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1960.

Watu wa kabila la Gadigal, wenyeji wa hapo, waliiita ghuba hiyo Warrane. Ndipo Waingereza walipoanzisha koloni lao Januari 1788, kwa sababu kijito cha maji baridi kiliishia hapo. Mlango wa kijito hicho ulikuwa tope tupu wakati maji yanapokupwa. Kati ya miaka ya 1830 na 1840, kwa kutumia nguvu za wafungwa, ukajengwa ukuta wa mawe wenye umbo la nusu duara, tope likafukiwa, na jina la gati likatokana na umbo hilo. Jambo hili si la historia peke yake, maana sehemu kubwa ya ardhi wanayokanyaga abiria leo ni kifusi kilichomwagwa juu ya tope la bahari, na yeyote anayependekeza kuchimba hapo lazima alijibu swali hilo kwanza.

Kwa nini reli na barabara vilijengwa juu, mbele ya bahari?

Reli ya mzunguko wa katikati ya jiji ilibuniwa na mhandisi John Bradfield, yule yule aliyesimamia Daraja la Bandari. Stesheni za chini ya ardhi za Museum na St James zilifunguliwa mwaka 1926, na za Town Hall na Wynyard mwaka 1932. Kilichobaki kilikuwa kipande cha kuunganisha pande hizo mbili kupitia Circular Quay. Mdororo wa uchumi, kisha vita, vikakichelewesha hadi Januari 1956. Miaka miwili baadaye, mwaka 1958, ikafunguliwa barabara ya magari juu ya paa la stesheni hiyo, ikiwa imepewa jina la Joseph Cahill, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya jimbo.

Inafaa kukumbuka kwamba Cahill ndiye pia aliyelipigania Jumba la Opera serikalini. Mtu mmoja aliacha nyuma yake, umbali wa kutembea kati ya kimoja na kingine, jengo linalopendwa kuliko yote mjini na barabara inayochukiwa kuliko zote. Wapangaji wa miji wa leo wanaodhani kwamba waliowatangulia hawakuwa na macho ya kuona uzuri wangefanya vyema kulitafakari hilo. Wakati ule gari lilihesabiwa kuwa ndiyo kesho ya jiji, na ukingo wa maji ulikuwa mahali pa kazi, pa moshi na mizigo, si mahali pa kupunga upepo.

Wanaotaka barabara ya Cahill ibomolewe wana hoja gani?

Hoja yao ni nzito. Simama mbele ya jengo la zamani la Forodha, ambalo siku hizi lina maktaba ndani yake, na utazame kaskazini. Bahari iko karibu sana, lakini huioni inavyopaswa kuonekana, kwa sababu mbele yako pamesimama ukuta mrefu wa zege wenye ngazi tatu: chini wapitao kwa miguu, katikati treni, juu magari. Kivuli chake huangukia uwanja, na mngurumo wa magurudumu husikika hata pale ambapo mtu angetaka kusikia maji yakigonga gati. Mji umejitenga na bandari yake kwa mikono yake wenyewe, na lawama hizo zilianza tangu barabara ikijengwa.

Mwaka 1994 Waziri Mkuu wa Australia wa wakati huo, Paul Keating, alitaka barabara hiyo iondolewe. Haikuondolewa. Serikali za jimbo zimekuja na michoro mbalimbali tangu hapo, na kila mchoro umeibua matumaini yale yale na mashaka yale yale.

Barabara ikibomolewa, je, bahari itaonekana?

Hapana, na hili ndilo jambo ambalo watu wengi hawaambiwi waziwazi. Barabara imekaa juu ya stesheni. Ukiitoa barabara, stesheni inabaki pale pale, na ukuta unapungua kimo bila kutoweka. Picha nzuri zinazochorwa, zenye uwanja mpana unaoteremka mpaka majini bila kizuizi, huwa zimeondoa vitu viwili kwa mpigo: barabara, ambayo inaweza kuondoka iwapo magari yatapatiwa njia nyingine, na reli, ambayo ni kazi ya namna nyingine kabisa.

Kwa hiyo hapa pana mijadala miwili iliyovishwa nguo moja. Wa kwanza unahusu magari yanayotoka Daraja la Bandari kuelekea mashariki mwa jiji, na tangu handaki la chini ya bandari lilipofunguliwa mwaka 1992 ni halali kuuliza kama njia hiyo ya juu bado inahitajika kwa kiwango kile kile. Wa pili unahusu reli. Anayeunga mkono wa kwanza si lazima aunge mkono wa pili, na mwanasiasa anayeichanganya miwili hiyo katika sentensi moja anapaswa kuombwa aitenganishe.

Kwa nini reli isishushwe chini ya ardhi?

Kitaalamu inawezekana kuchimba karibu popote, mradi fedha na muda vipo. Lakini hapa reli hutoka kwenye handaki upande mmoja, hupita juu ya ukingo na kuzama tena upande wa pili, na stesheni za jirani, Wynyard na St James, ziko karibu. Kuishusha maana yake ni kubadili mteremko wa njia nzima pande zote mbili, kuchimba ndani ya kifusi kilicholowa maji ya bahari, na kufunga sehemu ya mzunguko unaotegemewa na mtandao wote wa treni za jiji.

Kuna hasara nyingine ambayo haiingii kwenye hesabu za wahandisi. Abiria anayetoka St James hukaa gizani, kisha treni huibuka ghafla kwenye mwanga, na bandari nzima hufunguka dirishani: vivuko vikigeuka, daraja kushoto, Jumba la Opera kulia. Huhitaji kulipia chumba cha hoteli wala meza ya mgahawa ili kuyaona hayo, kwani nauli ya kawaida inatosha. Mfanyakazi wa usafi anayerudi nyumbani huyaona sawa na mtalii. Kuifukia stesheni ili wanaokaa uwanjani waone bahari vizuri zaidi ni kuichukua mandhari kwa kundi moja na kulipa kundi jingine. Huenda ikawa haki kufanya hivyo, lakini isemwe kwa jina lake.

Miji mingine iliyobomoa barabara za namna hii ilipata nini?

San Francisco ndio mfano unaotajwa zaidi. Jengo la Vivuko la mji huo lilifunguliwa mwaka 1898 na lilikuwa lango la abiria wa vivuko, mpaka madaraja makubwa ya miaka ya 1936 na 1937 yalipowachukua abiria hao. Baadaye barabara ya juu ya Embarcadero ikajengwa mbele yake mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1986 wapigakura walilikataa pendekezo la kuibomoa. Tetemeko la ardhi la Oktoba 1989 ndilo lililobadili mambo: barabara iliharibika, ikafungwa, na ubomoaji ukaanza mwaka 1991. Mwaka 2003 Jengo la Vivuko lilifunguliwa upya likiwa na soko ndani yake, na leo ni vigumu kumpata mtu anayetaka barabara ile irudi.

Hata hivyo, hadithi hiyo husimuliwa mno kama ushindi wa watu wote. Wafanyabiashara wa mtaa wa Wachina walipinga vikali, kwa sababu barabara ile ndiyo iliyowaletea wateja, na meya Art Agnos, aliyesimamia uamuzi wa kubomoa, alishindwa katika uchaguzi uliofuata. Kilichopendwa na vizazi vya baadaye kililipiwa na watu wa wakati ule.

Seattle ilichukua njia ya handaki. Barabara yake ya ukingoni, iliyofunguliwa mwaka 1953, ilitikiswa na tetemeko la Februari 2001, na mjadala wa kuibadilisha ukachukua miaka mingi. Mtambo mkubwa wa kuchimba handaki ulikwama chini ya ardhi Desemba 2013 na kukaa takriban miaka miwili kabla ya kuendelea. Handaki lilifunguliwa mwaka 2019, barabara ya juu ikabomolewa, na gati ya vivuko ikajengwa upya kwa awamu. Matokeo ni mazuri. Ni vyema tu ikumbukwe kwamba tarehe ya kwanza inayotajwa mbele ya waandishi wa habari si tarehe ya kukata utepe.

Sydney haijapata tetemeko la kuiamulia. Itabidi iamue yenyewe, kwa hoja.

Vivuko vitafanyaje kazi wakati wa ujenzi?

Hili ndilo swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza katika kila mkutano wa wananchi, na mara nyingi huwa la mwisho, watu wakiwa wameshaanza kufunga mikoba.

Tazama kivuko kimoja tu kikiingia. Baharia husimama ukingoni akiwa na kamba mkononi. Chombo kikigusa gati, huitupa kamba juu ya kigingi cha chuma, huizungusha haraka na kuikaza mpaka ilie. Ubao wa kushukia hushushwa, na watu humwagika: wenye baiskeli, wanafunzi wenye sare, mama anayesukuma gari la mtoto, mzee anayesubiri wenye haraka wapite kwanza. Dakika chache baadaye waliokuwa wakisubiri wameingia, ubao umeinuliwa, na nyuma ya chombo maji yanafoka meupe. Wakati huo kivuko kinachofuata tayari kinapunguza mwendo nje ya ghuba, kikingoja nafasi. Vivuko vikubwa vya Manly, kitongoji kilicho karibu na mlango wa bandari, hubeba zaidi ya abiria 1,000 kila kimoja, na kimoja kikichelewa kuondoka, uchelewaji huo huhamia kwa kingine.

Sasa ondoa gati moja kati ya hizo kwa mwaka mzima ili ijengwe upya. Hakuna ghuba ya pili pembeni ya kupokea vivuko vyote vilivyokosa nafasi. Gati ya Barangaroo, iliyofunguliwa mwaka 2017 upande wa magharibi wa katikati ya jiji, inaweza kupokea baadhi ya safari, hasa zile za mtoni, lakini kwa kivuko kinachotoka Manly au pwani ya mashariki ni mzunguko wa ziada kupita chini ya daraja. Mpango wa ujenzi usioeleza kwa majedwali ni gati ipi itafungwa, kwa miezi mingapi, na abiria wake watapanda wapi, bado haujawa mpango, hata michoro yake iwe na miti mingi kiasi gani.

Je, si rahisi zaidi kuzisogeza gati mahali pengine?

Hong Kong ilifanya hivyo. Gati ya kivuko cha Star mbele ya ukumbi wa jiji, iliyokuwa na mnara wa saa uliojulikana na kila mkazi, ilifungwa Novemba 2006 ili bahari ijazwe kifusi kwa ajili ya barabara na majengo. Mnara ulibomolewa Desemba mwaka huo huo huku waandamanaji wakijaribu kuuzuia, na mwaka uliofuata Gati ya Malkia iliyokuwa jirani nayo ikafungwa. Gati mpya zilijengwa mbele zaidi, kwenye ukingo mpya. Kwenye ramani ni mita mia kadhaa tu. Kwa mtu anayevuka kila siku ni mwendo wa ziada kwenye jua na mvua, asubuhi na jioni, na kivuko kilichokuwa kwenye njia yake kikawa kitu cha kukiendea makusudi.

Faida ya Circular Quay ni kwamba mambo yote yako karibu. Mtu hutoka kwenye ubao wa kivuko, hupita chini ya reli na kufika kwenye lango la treni kabla hajamaliza kupekua mfuko akitafuta kadi. Mwaka 2019 tramu nazo zilianza kuishia upande wa pili wa stesheni hiyo hiyo. Ukaribu huo haukupangwa na bingwa mmoja, bali ulijijenga kwa miongo mingi, na ukivunjwa ni vigumu kuurudisha.

Treni mpya za metro hazijapunguza umuhimu wa eneo hili?

Kidogo. Njia ya metro iliyopita chini ya bandari na kufunguliwa katikati ya jiji Agosti 2024 ina stesheni Barangaroo na Martin Place, lakini haisimami Circular Quay. Imewapunguzia safari baadhi ya watu wa kaskazini. Haimsaidii anayeishi kwenye rasi zinazofikika kwa kivuko kwa urahisi kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Nani hufaidika na ardhi inayozunguka?

Wakazi wa Sydney wana sababu ya kuuliza hivyo kwa sauti kali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulikuwapo mpango wa kubomoa sehemu kubwa ya The Rocks na kupanda minara ya ofisi. Wakazi walikataa, na chama cha wafanyakazi wa ujenzi kilichoongozwa na Jack Mundey kikawaunga mkono kwa kugoma kufanya kazi ya kubomoa. Watu walikamatwa, kazi ilisimama, na mitaa ile ikanusurika. Jengo la Sirius lilijengwa baadaye, likakamilika karibu na mwaka 1980, ili wapangaji wa nyumba za serikali wa mtaa huo waendelee kuishi pale pale. Wapangaji hao walihamishwa katika miaka ya 2010, na mwaka 2019 jengo liliuzwa.

Upande wa mashariki, mwishoni mwa miaka ya 1990, yalisimamishwa majengo ya makazi kando ya njia ya kwenda Jumba la Opera, licha ya maandamano ya kuyapinga. Wananchi waliyabandika jina la kibaniko cha mkate, na jina hilo halijatoka hadi leo. Kwa kumbukumbu hizo mbili, mtu wa Sydney akisikia kwamba ukarabati wa gati utalipiwa kwa kuuza haki ya kujenga juu, haanzi kwa kuuliza rangi ya vioo. Anauliza ni ghorofa ngapi, kivuli chake kitamwangukia nani, na je, kodi ya maduka mapya itamruhusu yule muuzaji wa magazeti na kahawa kurudi baada ya ujenzi? Haya si maswali ya watu wanaopinga maendeleo.

Barabara ya Cahill haiwezi kugeuzwa bustani?

Wazo hilo limepata nguvu tangu New York ilipofungua sehemu ya kwanza ya bustani yake juu ya reli ya zamani mwaka 2009. Juu ya barabara ya Cahill tayari ipo njia ya waendao kwa miguu inayofikika kwa lifti, na anayepanda huona bandari yote kwa gharama ya kubonyeza kitufe. Mwandishi anaona hili ndilo pendekezo linalostahili kusikilizwa zaidi kuliko linavyosikilizwa: magari yaondoke, muundo ubaki, watu wapande. Halifungui uwanja wa chini, ni kweli, lakini halifungi reli wala gati hata siku moja zaidi ya inavyolazimu.

Kupanda kwa usawa wa bahari kunabadilisha nini?

Kunabadilisha mengi, na ni ajabu jinsi kunavyotajwa kwa ufupi. Kisiwani Fort Denison, ndani ya bandari hiyo hiyo, usawa wa bahari umepimwa tangu karne ya 19, kwa hiyo upandaji wake si dhana ya kubuni. Maji ya Sydney hupanda na kushuka kwa karibu mita 2 katika siku za bamvua. Njia za kushukia zinatakiwa zifae kiti cha magurudumu maji yakiwa juu kabisa na yakiwa chini kabisa, leo na baada ya miaka 50. Gati zikijengwa upya, basi zijengwe kwa kimo cha bahari ya wajukuu.

Nikitaka kutoa maoni, niandike nini?

Usiandike tu kwamba unaipenda au unaichukia michoro, kwa sababu barua za namna hiyo huhesabiwa na kuwekwa kando. Andika safari yako. Taja unashuka gati ipi, saa ngapi, unaunganisha treni, tramu au basi gani, na una dakika ngapi kati ya kimoja na kingine. Kama unatembea na mtoto, na mzigo au na mzazi mwenye fimbo, eleza lifti iko wapi na foleni yake ikoje saa kumi na moja jioni. Kisha uliza safari hiyo itakuwaje katika kila awamu ya ujenzi, na uombe jibu kwa maandishi.